IBN AL-NAFIS: FAQIHI ALIYEITAMBUA NJIA YA DAMU MAPAFUNI

Mwanafunzi wa sekondari anapofika kwenye somo la moyo katika kitabu cha baiolojia hukutana na jina la William Harvey, tabibu wa Uingereza aliyeeleza mzunguko wa damu katika kitabu chake cha mwaka 1628. Hapana ubaya katika hilo, kwani Harvey alifanya kazi kubwa. Lakini lipo jina jingine ambalo lingestahiki kutangulia mbele yake kwa karibu miaka mia nne, nalo ni la mtu aliyekuwa akisomesha fiqhi ya Imam Shafi, madhehebu haya haya tunayosomeshwa sisi watu wa pwani tangu utotoni, na wakati huo huo akitibu wagonjwa hospitalini. Katika toleo hili tumeona tuwaletee wanafunzi wetu na wazee wao maisha ya tabibu huyo, Ibn al-Nafis, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jina lake kamili ni Alaa al-Din Abu al-Hasan Ali bin Abi al-Hazm al-Qarshi al-Dimashqi. Alizaliwa nchi ya Sham, upande wa Damascus, mnamo mwaka 607 Hijria, sawa na 1210. Msomaji atakayefungua vitabu vingine huenda akakuta 1213. Asishangae, kwani mwaka huo umepatikana kwa hesabu tu, kutokana na habari kwamba alipofariki alikuwa amekaribia miaka themanini.

Damascus ya wakati huo ilikuwa na hospitali maarufu iliyojengwa na Sultan Nur al-Din mwaka 549 H (1154), ikiitwa Bimaristan al-Nuri. Haikuwa mahali pa kulaza wagonjwa peke yake. Wanafunzi walikuwa wakifuatana na mwalimu kutoka kitanda hadi kitanda, kisha wakikaa kumsikiliza akisomesha. Hapo ndipo kijana Ali alipojifunza utabibu kwa Muhadhab al-Din al-Dakhwar, mkuu wa matabibu wa zama zake. Mwalimu huyu alifariki mwaka 628 H (1230), na kabla ya hapo alikuwa ameiweka nyumba yake wakfu iwe madrasa ya utabibu. Wanafunzi walikumbuke jambo hilo la nyumba, kwa sababu tutalirejea.

Miongoni mwa waliosoma kwa al-Dakhwar alikuwemo Ibn Abi Usaibia, ambaye baadaye alitunga kitabu kikubwa cha tarehe za matabibu. Alikusanya habari za mamia ya matabibu, Wayunani, Wahindi na Waarabu, lakini katika kitabu kama kilivyoenea jina la mwenzake huyu halimo. Wengine wamesema palikuwa na kijicho baina yao. Sisi hatupendi kumdhania mtu hivyo bila ushahidi. Bahati njema ni kwamba waandishi wa baadaye, kama al-Safadi na al-Subki, hawakumwacha, na sehemu kubwa ya tunayoyaeleza hapa imetoka kwao.

KATIKA MJI WA CAIRO

Ibn al-Nafis alihamia Misri akaishi Cairo mpaka mwisho wa uhai wake. Alifanya kazi katika hospitali iliyoasisiwa na Salah al-Din, akapanda cheo mpaka akawa mkuu wa matabibu wa Misri, na hutajwa kuwa alimtibu Sultan Baybars, aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277. Zama zake zilikuwa za misukosuko. Mwaka 656 H (1258) Wamongolia waliuteka mji wa Baghdad wakaua watu wengi na kuharibu vitabu, na miaka miwili baadaye jeshi la Misri likawazuia Ain Jalut huko Palestina. Wakati maktaba za mashariki zinaangamia, mtu huyu alikuwa amekaa Cairo anaandika.

Na kuandika kwake kulikuwa kwa namna ya peke yake. Wamesimulia wenye kumjua kwamba alipotaka kutunga kitabu aliandaliwa kalamu nyingi zilizokwisha kuchongwa. Aligeuza uso kuelekea ukutani, akaanza kuandika kutoka kichwani mwake pasi na kufungua kitabu chochote. Kalamu ikichakaa aliitupa akachukua nyingine, ili muda usimpotee kwa kuchonga. Siku moja alikuwa hamamu anaoga. Katikati ya kuoga alitoka hadi chumba cha kuvulia nguo, akaomba wino, kalamu na karatasi, akaandika risala juu ya mapigo ya mshipa mpaka ilipokamilika. Kisha akarudi ndani akamaliza kuoga! Wamemsifu pia kwamba alikuwa mrefu, mwembamba wa mwili na mwenye muruwa. Hakuoa, na hilo tumelikuta limetajwa bila ya kuelezwa sababu yake.

Kitabu alichokusudia kiwe kikubwa kuliko vyote alikiita al-Shamil, yaani kilichokusanya kila kitu katika fani ya utabibu. Alipanga kifikie majuzuu mia tatu. Aliyoyawahi kuyasafisha ni themanini. Kitabu chake kilichosomwa na watu wengi zaidi lakini ni kidogo, al-Mujaz, ambacho ni muhtasari wa al-Qanun cha Ibn Sina, na kwa karne nyingi wanafunzi wa utabibu kutoka Misri hadi India walikitumia na kukiandikia sherehe.

Haya ni ya utabibu. Upande wa dini alikuwa akisomesha fiqhi katika madrasa ya al-Masruriyya hapo Cairo, akaandika sherehe juu ya al-Tanbih cha Abu Ishaq al-Shirazi, kitabu ambacho wakubwa wa chuo chetu wanakijua. Al-Subki alipokusanya habari za wanazuoni wa Kishafi alimtia katika tabaka zao kama alivyowatia mafaqihi wengine. Ana maandishi katika elimu ya hadithi, na ana risala juu ya sira ya Mtume (s.a.w.) aliyoitunga kwa njia ya kisa cha mtu aliyekulia peke yake kisiwani. Katika zama zile mtu kuwa faqihi na tabibu kwa pamoja hakikuwa kioja. Siku hizi mzazi humuuliza mwanawe achague chuo au skuli, kana kwamba kichwa kimoja hakiwezi kubeba vyote viwili.

KUTA ZA MOYO

Sasa tuje kwenye jambo lililomfanya akumbukwe. Ili tulielewe inatupasa kwanza tujue watu walikuwa wakiamini nini kabla yake.

Galen, tabibu wa Kiyunani aliyezaliwa Pergamon mwaka 129, alifundisha kwamba damu hutengenezwa ndani ya ini kutokana na chakula, kisha huenea mwilini na kutumika, kama maji ya mfereji yanavyonyweshwa shamba yakaishia humo. Sehemu ya damu hiyo huingia chumba cha kulia cha moyo. Kutoka hapo, alisema Galen, hupenya kwenye vijitundu vidogo visivyoonekana katika ukuta uliopo baina ya chumba cha kulia na cha kushoto, na huko kushoto huchanganyika na hewa iliyotoka mapafuni. Galen alikuwa hodari wa kupasua, lakini aliwapasua nyani na nguruwe na wanyama wengine, na vile vijitundu hakuviona. Aliviweka kwa kuwa bila ya hivyo hesabu yake isingekamilika.

Maneno hayo yalikaa zaidi ya miaka elfu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 H (1037), aliyaingiza katika al-Qanun, na kitabu cha al-Qanun kilikuwa ndio tegemeo la matabibu, mashariki na magharibi. Kumpinga Galen na Ibn Sina kwa pamoja lilikuwa jambo zito. Mwanafunzi ajaribu kufikiri angejisikiaje kusimama mbele ya darasa na kusema kwamba maimamu wawili wa fani wamekosea katika kiungo kilicho kikubwa kuliko vyote.

Ibn al-Nafis alifanya hivyo akiwa bado kijana. Alizikusanya sehemu za al-Qanun zinazozungumzia maumbile ya viungo, ambazo zimetawanyika katika kitabu kile, akaziandikia sherehe moja iitwayo Sharh Tashrih al-Qanun. Nakala kongwe kabisa inayojulikana leo ina tarehe ya mwaka 640 H (1242). Kwa hiyo kama alizaliwa 607 basi alikimaliza kabla ya kufika miaka thelathini na tano. Humo alisema wazi, na kulirudia zaidi ya mara moja, kwamba ukuta wa katikati wa moyo ni mnene na umeziba. Hauna tundu la kuonekana kama walivyodhani baadhi ya watu, wala tundu lisiloonekana kama alivyodhani Galen. Na ikiwa njia hiyo haipo, basi damu inafikaje upande wa kushoto?

Jawabu yake ni hii. Damu hutoka chumba cha kulia, hupita katika mshipa ambao wazee waliuita al-warid al-shiryani, ikaingia mapafuni na kutawanyika ndani yake. Huko huchanganyika na hewa na kusafika. Kisha huingia katika mshipa wa pili, al-shiryan al-waridi, ukaifikisha chumba cha kushoto. Wanafunzi wanaosoma Kiarabu wayatazame majina hayo mawili. La kwanza lina maana ya vena iliyofanana na ateri, na la pili ni ateri iliyofanana na vena. Wazee waliona kwamba mishipa hii miwili haifuati kanuni ya mingine, wakaipa majina ya kuchanganya. Ibn al-Nafis aliuliza kwa nini wa kwanza una kuta nene na wa pili una kuta nyembamba. Akajibu kwamba wa kwanza ni mnene ili kinachochujika kutoka kwake kiwe laini sana, na wa pili ni mwembamba ili uweze kupokea kwa wepesi kile kilichochujika. Alisema pia kwamba baina ya miwili hiyo zipo njia ndogo za kupitia. Njia hizo zilikuja kuonekana kwa macho mwaka 1661, pale Marcello Malpighi wa Italia alipotazama mapafu ya chura kwa hadubini.

Hakuishia hapo. Ibn Sina alikuwa amesema moyo una vyumba vitatu vya ndani, yeye akasema ni viwili tu. Ibn Sina alisema damu iliyomo chumba cha kulia ndiyo inayoulisha moyo. Ibn al-Nafis akakataa, akasema moyo unalishwa na damu inayopita katika mishipa iliyoenea ndani ya nyama yake. Neno hilo la mwisho ni fupi, na wengi wanaomsifu hulipita haraka, lakini kwa maoni yetu si dogo kuliko lile la mapafu. Ukitaka kujua kwa nini watu wanaanguka ghafla na kufa kwa shambulio la moyo leo, inakupasa uanzie kwenye mishipa hiyo.

Hapa lakini tunapenda kusema jambo moja. Katika mihadhara na vitabu vidogo vidogo vinavyouzwa nje ya misikiti tumekuwa tukisikia kwamba Ibn al-Nafis aligundua mzunguko wote wa damu. Hilo si kweli, na mtu mkubwa kama huyu hana haja ya kutiliwa chumvi. Alieleza safari ya damu kutoka upande wa kulia wa moyo kupitia mapafuni hadi kushoto. Hakusema kwamba damu hiyo hiyo huenda mwilini kisha ikarejea moyoni na kuzunguka tena. Aliendelea kuamini kuwa damu hutengenezwa na ini. Mzunguko kamili ulithibitishwa na Harvey kwa hesabu na majaribio, na kila mmoja apewe haki yake.

ALIPASUA AU HAKUPASUA?

Swali hili huulizwa sana na wanafunzi wa sayansi. Katika utangulizi wa kitabu chake Ibn al-Nafis ameeleza kwamba mambo mawili yalimzuia kufanya kazi ya kupasua miili: sheria ya dini, na huruma iliyomo katika tabia yake. Kwa sababu hiyo, alisema, katika maumbo ya viungo vya ndani atategemea maneno ya waliomtangulia, hasa Galen. Ama katika kazi za viungo hivyo atafuata kile kinachothibitishwa na uchunguzi na fikra sahihi, sawa kikiafikiana na wa kale au kikiwakhalifu.

Lakini anapofika kwenye moyo anasema upasuaji unawakadhibisha wale wanaodai kuna tundu. Hapo ndipo waandishi wa tarehe walipogawanyika. Wapo wanaoona kwamba hapana budi aliwahi kutazama mioyo, angalau ya wanyama waliochinjwa. Wengine wanasema hoja zake zinatosha kumfikisha pale alipofika. Sisi tunaona kauli yake mwenyewe iheshimiwe: mtu aliyeogopa kukiuka mpaka wa sheria katika jambo hilo hawezi kudhaniwa kuwa alisema uongo kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chake. Na moyo wa mbuzi au wa ng'ombe unapatikana kwa kila mchinjaji.

Kwa faida ya wasomaji, suala la kupasua maiti limeendelea kujadiliwa na wanazuoni. Mwaka 1408 H (1987) Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita huko Makka lilipitisha kwamba inajuzu pale penye dharura, kama vile kuchunguza jinai, kujua maradhi ili watu wakingwe, au kufundisha vyuo vya utabibu, kwa masharti ya kuheshimu maiti na kutovuka kiasi cha haja.

KITABU KILICHOSAHAULIWA

Al-Mujaz kilisomwa kila mahali, lakini ile sherehe ya tashrih haikupata bahati hiyo. Huko Ulaya mambo yalikuja taratibu. Mwaka 1547 ilichapishwa Venice tafsiri ya Kilatini ya sehemu ya maandishi ya Ibn al-Nafis juu ya dawa za kuchanganya, iliyofanywa na Andrea Alpago, tabibu wa Kiitaliano aliyekaa Damascus karibu miaka thelathini. Miaka sita baadaye, 1553, Mhispania Michael Servetus aliandika kwamba damu hupitia mapafuni. Aliandika hayo ndani ya kitabu cha dini ya Kikristo, na kwa sababu ya itikadi zilizomo humo alichomwa moto akiwa hai mjini Geneva mwaka huo huo. Mwaka 1559 Realdo Colombo wa Italia naye akalisema jambo lile lile. Je, walipata fununu kutoka kwa Alpago? Wataalamu wanabishana, na sehemu inayohusu moyo haimo katika tafsiri ile iliyochapishwa.

Hakika ilifichuka mwaka 1924, kwa mkono wa mwanafunzi. Kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alikuwa Ujerumani akisomea utabibu katika chuo kikuu cha Freiburg. Katika maktaba ya Berlin aliikuta nakala ya mkono ya Sharh Tashrih al-Qanun, akaisoma, akaiandikia tasnifu yake akionyesha kuwa Ibn al-Nafis aliitaja njia ya damu mapafuni kabla ya Wazungu wote. Walimu wake hawakujua Kiarabu na jambo lenyewe lilikuwa geni. Aliyelithibitisha na kulitangaza ni Max Meyerhof, daktari wa macho wa Kijerumani aliyekuwa akiishi Cairo, ambaye katika miaka ya 1930 alichapisha maneno yenyewe pamoja na tafsiri. Karibu karne saba kitabu kilikuwa rafuni, na aliyekitoa ni mtoto wa nchi ile ile ambayo mwenyewe aliishi na kuzikwa.

MOYO UNAOONEKANA BILA KISU

Kile ambacho Ibn al-Nafis alizuiliwa kukitazama kwa kisu, madaktari wa leo wanakiona kwa vyombo, na mgonjwa akiwa hai. Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, alijichoma mwenyewe mshipa wa mkono, akapitisha mpira mwembamba akausukuma urefu wa sentimita 65, kisha akaenda kwa miguu hadi chumba cha eksirei akapigwa picha. Ncha ya mpira ilikuwa ndani ya moyo wake upande wa kulia. Wakubwa wake walimkasirikia. Lakini André Cournand na Dickinson Richards huko New York waliiendeleza njia hiyo, wakaupitisha mpira kutoka upande wa kulia wa moyo hadi kwenye mshipa uendao mapafuni, wakapima damu inavyopita. Mpira ule ulifuata njia ile ile iliyoandikwa Misri mwaka 1242 au kabla yake. Wote watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1956.

Mwaka 1953 huko Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walitumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio kuonyesha moyo unavyocheza. Hiki ndicho kipimo kinachoitwa eko. Mzazi aliyempeleka mtoto wake kliniki ya moyo anakijua: mtoto hupakwa ute kifuani, daktari huzungusha kifaa, na kwenye skrini huonekana vyumba na ukuta wa katikati. Wapo watoto ambao ukuta huo una tundu tangu kuzaliwa. Damu safi ya kushoto huvuja kulia, mtoto anahema na hanenepi. Tundu ambalo Galen alidhani kila mtu mzima analo, kumbe likiwepo ni maradhi! Kwa watoto wa Tanzania, tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam ambako matundu hayo huzibwa.

Na ile mishipa inayoulisha moyo? Mwaka 1958 Mason Sones wa Cleveland, Marekani, aliingiza dawa ya kuonekana kwenye eksirei ndani ya mmoja wa mishipa hiyo, na hilo lilimtokea bila kukusudia. Alihofu mgonjwa atakufa. Mgonjwa akapona, na tangu hapo madaktari wakawa wanaweza kuona ni wapi mshipa umeziba. Mwaka 1990 Arthur Agatston na wenzake wakaeleza namna ya kuhesabu kalsiamu iliyoganda katika kuta za mishipa hiyo kwa kutumia mashine ya siti skani. Alama ikiwa sifuri hatari ya shambulio katika miaka ya karibuni huwa ndogo, na kadiri inavyopanda hatari nayo hupanda, hata kama mtu hajahisi maumivu yoyote.

Tumetaja hatari, basi na tuseme inatoka wapi. Mwaka 1948 watafiti walianza kuwafuatilia watu 5,209 wa mji mdogo wa Framingham, Marekani, wakiwapima mara kwa mara na kuandika nani kapatwa na nini. Utafiti huo ulionyesha kwamba shinikizo la damu, lehemu nyingi katika damu, uvutaji wa sigara na kisukari humkaribisha mtu na maradhi ya moyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 17.9 walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa, zaidi ya maradhi ya aina nyingine yoyote. Wazee wetu wengi wana shinikizo la damu na hawajijui, kwa sababu haliumi. Kipimo chake ni mkanda wa mkononi na dakika chache tu, na kinapatikana hata katika vituo vidogo vya afya.

KUFA KWAKE

Mwishoni mwa maisha yake Ibn al-Nafis alishuhudia kufunguliwa kwa hospitali kubwa ya Cairo, al-Mansuri, iliyojengwa na Sultan Qalawun mwaka 683 H (1284). Ilipokea wanaume na wanawake, matajiri na mafakiri, na ilikuwa na sehemu mbali mbali za wenye homa, za macho, za upasuaji na za maradhi ya tumbo.

Alipougua, baadhi ya matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo, wakiamini utamfaa kwa maradhi aliyokuwa nayo. Yeye alikuwa akijua elimu ya dawa kuliko wao, na alikuwa akijua fiqhi. Alikataa, akasema hataki kukutana na Mwenyezi Mungu ilhali ndani ya tumbo lake mna kitu katika pombe. Alifariki tarehe 21 Dhulqaada 687 H, sawa na tarehe 17 Disemba 1288.

Nyumba yake na vitabu vyake vyote aliviacha wakfu kwa hospitali ya al-Mansuri, kama mwalimu wake al-Dakhwar alivyofanya Damascus. Yale majuzuu themanini ya al-Shamil yaliwekwa humo. Baadaye yalitawanyika, na baadhi yake, mengine yakiwa kwa hati ya mkono wake mwenyewe, sasa yamo katika maktaba za Oxford na Cambridge huko Uingereza, na Stanford huko Marekani.